Kufuli Lililomshinda Mjomba

Uwanja mzima wa nyumba ya wapangaji ulimwita binti wa dobi kwa jina la Macho. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye cheti cha shule ya msingi, na cheti chenyewe kilikuwa chini ya godoro. Alikuwa mtu wa kutazama. Fundi bomba akija kuziba bomba linalovuja, wenzake watapiga soga naye, Macho atakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kimya, akitazama mikono ya yule fundi mpaka amalize. Bomba likivuja tena, haitwi mtu. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu ukimfichia sindano mchangani usimwambie neno. Mwache tu akae."

Ndiyo maana baiskeli ya kwanza ilipoibwa, watu walicheka kabla ya kusikitika.

Ilikuwa kule kwenye maghorofa, walikokaa wateja wao wazuri, wale wa mapazia na mashuka meupe. Macho alifunga baiskeli kwenye uzio kwa mnyororo, akapanda na mapazia ya mteja wa juu kabisa. Aliposhuka alikuta gurudumu la mbele peke yake, limefungwa barabara, kufuli halina hata mkwaruzo. Mwizi alikuwa amelegeza nati za gurudumu akaondoka na baiskeli iliyobaki ameibeba begani.

"Huyo mwizi ana adabu," alisema fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha pili, mwanamke ambaye ulimi wake ulishona haraka kuliko mashine yake. "Kakuachia cha kukumbukia. Na wewe ndiye Macho! Je, ungekuwa Masikio?"

Tangu hapo nguo zilikwenda kwa wateja kichwani, na nguo iliyopigwa pasi ikisafiri kichwani jua kali hufika imekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Wateja wa maghorofani wakaanza kunung'unika. Wawili wakahamia kwa dobi mwingine. Hapo ndipo Mjomba, kaka yake mama, alipowaazima baiskeli yake: nyeusi, ya chuma kizito, yenye kibebeo kipana nyuma ambacho sanduku la nguo lilikaa bila kuyumba. Wateja wakarudi. Mama akaanza tena kuimba akipiga pasi.

Sasa asubuhi moja Mjomba akaingia uwanjani hata salamu hajamaliza.

"Dada, nimekuja kuchukua baiskeli yangu."

Mama akaiweka pasi juu ya bati lake. "Kuna nini, Kaka?"

"Kuna kwamba juzi pale maghorofani wameiba nyingine. Ya muuza mikate. Alipanda ngazi na mkate, akashuka hana kitu. Naijua bahati ya nyumba hii. Bora ikae gereji kwangu, vijana waende nayo kununulia vipuri."

Mjomba alikuwa fundi pikipiki mwenye gereji barabara ya pili, mtu mkubwa, mwenye mikono kama koleo na sauti ya kushindana na injini. Alikuwa akiwapenda, lakini alikuwa akiipenda baiskeli pia.

"Mjomba," Macho akasema, "nikipata kufuli zuri?"

"Kufuli!" Mjomba akacheka. "Mwanangu, kufuli ni la kumzuia mtu mwema. Mwizi ni kama mimi, ana vifaa."

"Basi liwe la kukuzuia wewe."

Mama alimtazama binti yake kana kwamba meza imezungumza. Fundi cherehani akasimamisha cherehani lake.

"Umesikia hilo, Mjomba?" akaita kutoka mlangoni. "Umewekewa dau, kaka."

Mjomba alikuwa na udhaifu mmoja, na mtaa mzima uliujua: hakuweza kusikia neno "huwezi" akaendelea na safari yake. Akavuta suruali juu ya kitambi. "Haya. Kesho asubuhi. Funga unavyojua. Nikiitoa baiskeli getini, inabaki kwangu. Nisipoitoa, inabaki kwenu, na sitaitaja tena."

Jioni ile Macho akatoa pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya viatu, akanunua mnyororo mnene na kufuli la mlango wa duka, kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Ukilishika, mkono unashuka. Akapata amani. Asubuhi akaifunga baiskeli kwenye nguzo ya kuanikia nguo, ile ya chuma iliyosimama katikati ya uwanja. Mnyororo aliupitisha gurudumu la mbele, fremu na gurudumu la nyuma. Kosa la kwanza hakulirudia. Na nguzo ile ilikuwa nguzo kweli: miaka yote ilibeba mablanketi yaliyolowa, na siku za upepo ilibeba mashuka yaliyojaa kama matanga bila kutikisika. Kama kuna kitu ambacho nyumba ile ilikiamini baada ya Mungu, ni nguzo ya kamba.

Mjomba akaja na mfuko wake wa vifaa. Akaizunguka baiskeli. Akainama, akalishika kufuli, akapiga mluzi wa heshima. "Hili lingefaa benki," akasema.

Kisha akauweka mfuko chini bila kuufungua. Akaikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili, akakunja magoti kidogo, akainyanyua. Nguzo ikatoka kwenye bomba lake la chini kama mshumaa kwenye keki. Kamba zikalegea, soksi za mteja zikaanguka vumbini. Mjomba akauvuta mnyororo ukatoka chini ya nguzo, mzima, na kufuli lake zima, akaibeba baiskeli begani hadi getini huku kufuli likining'inia kama kengele ya ng'ombe.

Uwanja ukalipuka.

Na kilichomuuma Macho si kicheko. Ni kwamba yeye mwenyewe, kwa mikono yake, aliing'oa nguzo ile kila alipoosha uwanja. Mama aliing'oa. Hata fundi cherehani aliwahi kuwasaidia kuing'oa. Waliitengeneza hivyo makusudi, ili mashuka mapana yapate nafasi ya kutandazwa. Walizoea kuiona imebeba uzito, wakasahau kwamba haikupandwa, ilisimamishwa tu. Mtu mwingine yeyote angeuliza kwanza kama imezikwa. Madobi hawakuuliza.

"Mjomba," akasema, akiziokota soksi, "nipe mpaka Jumapili."

"Nimeshinda."

"Umeishinda nguzo. Kufuli hukuligusa. Mfuko wako hata hukuufungua."

"Kweli hiyo!" akadakia fundi cherehani. "Mimi nilikuja kuona vifaa, nikaona mtu anakumbatia chuma. Tunadai burudani yetu."

Watu wakaunga mkono. Mjomba akautazama mfuko wake, akawatazama watu. "Jumapili," akasema. "Na safari hii nitaufungua."

"Na muda?" Mama akauliza. "Mwizi hapewi siku nzima, Kaka. Wewe ukiachiwa mpaka jioni utatoboa hata mlima."

"Muda gani basi?"

Mama akafikiri kidogo kama dobi. "Blanketi moja. Kuloweka, kufua, kusuuza, kukamua. Likishakamuliwa, unaweka vifaa chini."

"Blanketi la watu wawili," Mjomba akasisitiza, "si la mtoto."

"La watu wawili."

Wakakubaliana.

Siku zilizofuata Macho alipeleka nguo kama kawaida, lakini kila alipofika kwenye jengo, kabla ya kufunga baiskeli, alishika chuma cha mahali pale akakitikisa. Alitikisa uzio: ukacheza. Alitikisa kibao cha kukataza maegesho: kikageuka upande wa pili kumtazama. Alitikisa mti mchanga, akauonea huruma akauacha. Mwisho akashika reli ya ngazi ya chini, ile iliyozama ndani ya zege, akaivuta kwa uzito wake wote, mguu mmoja ukutani. Haikusema hata neno.

Mlinzi wa jengo alikuwa akimtazama tangu kwenye kibao. "Dada," akaita, "kama unataka kuondoka na jengo, niambie nikatoe blanketi langu."

"Nakagua tu, shikamoo."

"Marahaba. Na sisi tumefaulu?"

"Reli imefaulu. Kibao mnacho kwa heshima tu."

Akatoa kamba ya kupimia aliyoiazima kwa fundi cherehani, akaizungusha: reli, bomba la fremu chini ya kiti, tairi la nyuma na ringi yake ya chuma, vyote kwa pamoja. Akafunga fundo. Akafanya hivyo kila jengo. Nyumbani akaenda kwenye tangi la maji, lililosimama juu ya miguu minne ya chuma iliyozikwa kwenye saruji, akautikisa mguu mmoja mmoja, kisha akapima. Fundo la nyumbani na fundo la maghorofani hayakupishana hata upana wa kidole.

Alhamisi akapeleka ovaroli za gereji. Ovaroli za Mjomba zilifuliwa kwao, na kwa kawaida aliziacha mlangoni. Safari hii akaomba maji ya kunywa, akakaa juu ya tairi la zamani.

Mjomba akamwona. "Umekuja kunipeleleza?"

"Nimeleta ovaroli."

"Ovaroli zimeshafika. Wewe mbona hujaondoka?"

"Nakunywa maji, Mjomba."

"Hayo maji unayanywa au unayahesabu?" Lakini hakumfukuza. Mtu anayejua kazi yake hupenda kutazamwa, na Mjomba alianza hata kupiga nyundo kwa madaha.

Macho akatazama. Aliuona mkasi wa chuma, ule wa mikono mirefu, ukikata nondo nyembamba kama mkate; kisha Mjomba akajaribu kukata chuma kinene kama dole gumba, na chuma hakikuingia hata mdomoni mwa mkasi. Akamwona akipiga nyundo: hakuna mara hata moja aliyopiga kitu kinachoelea. Kila kitu kwanza alikilaza juu ya kipande cha reli ya treni, ndipo akapiga. Kisicholala, nyundo inakisukuma tu, haikivunji. Akaiona jeki ndogo, yenye ukubwa wa kikombe, ambayo Mjomba aliiingiza katikati ya vyuma viwili akaizungusha mpaka vikaachana kwa kelele. Lakini ili iingie, lazima katikati pawe na nafasi. Pasipo na nafasi, jeki ni kikombe tu.

Akamaliza maji, akashukuru, akaenda.

Muuza vifaa vya baiskeli alikuwa kijana mwenye maneno mengi na kaunta yenye vumbi. Alimpangia Macho makufuli juu ya kaunta kama mtu anayecheza karata. La kwanza lilikuwa la namba, lenye waya mwembamba uliovikwa plastiki ya rangi ya waridi.

"Hili ni la kisasa, dada. Halina ufunguo, huwezi kuupoteza. Na linaendana na gauni lako."

Macho akaukunja ule waya kwa vidole. Ukakunjika. Akaurudisha.

"Hili je? Mnyororo, umevikwa kitambaa usikwaruze rangi."

Akakivuta kitambaa nyuma, akatazama pete za mnyororo. Kitambaa kilikuwa kinene, pete zilikuwa za kufungia mbuzi. "Nguo nzuri, mwili hamna," akasema. Akarudisha.

Kijana akaleta lile linalofungwa daima kwenye gurudumu la nyuma, kama pete. "Hili hubebi, linakaa kwenye baiskeli yenyewe. Unasukuma tu, kah! Limefunga."

"Na mtu akiibeba begani?"

Kijana akakuna kichwa. "Basi... atachoka."

"Wa kwangu hakuchoka."

Juu ya msumari ukutani, nyuma ya matairi, palining'inia chuma kinene kilichopinda kama kwato ya punda, na kipande kingine kilichonyooka cha kukifungia mdomo. Lilikuwa dogo. Lilikuwa halipendezi. Macho akalinyooshea kidole.

"Lile? Aah, lile zito, halizunguki vitu vingi, watu hawalipendi. Ninalo kubwa lake, refu kama mkono, hilo ndilo linanunuliwa."

Akayashusha yote mawili. Macho akatoa kamba yake yenye fundo, akaizungusha ndani ya lile kubwa: ikabaki nafasi ambayo kikombe kingeingia na sahani yake. Akaizungusha ndani ya lile dogo. Ikajaa kabisa, kama mguu ndani ya kiatu.

"Dada," kijana akasema, "unanunua kufuli au unashona suruali?"

"Suruali ikibana haivuliki kirahisi," Macho akajibu. "Naomba hili dogo." Kisha akaomba ufunguo, akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, akasikiliza. Akauliza ufunguo wa akiba. Akaomba lile lingine la aina hiyo hiyo, akajaribu kulifungua kwa ufunguo wa la kwanza. Lilikataa. Hapo ndipo akatabasamu, na kijana akapunguza bei bila kuombwa, nadhani kwa uchovu.

Jumapili uwanja ulijaa. Watu walikuja na viti vyao. Mlinzi wa maghorofa alikuwa na siku ya mapumziko, naye akaja, akasema reli imemtuma kusalimia.

Baiskeli ilikuwa imesimama kando ya mguu wa tangi, karibu nao kama ndama na mama yake. Ule mnyororo mnene na kufuli lake kubwa vilifunga gurudumu la mbele kwenye fremu. Lile kufuli dogo lilikuwa juu, chini kidogo ya kiti, mbali na ardhi, limeshika fremu, gurudumu la nyuma na mguu wa tangi kwa pamoja. Tundu la ufunguo lilitazama chini.

Mjomba akafungua mfuko. Vifaa vikapangwa juu ya gunia: mkasi, msumeno wa chuma, nyundo, mtaimbo mfupi, jeki. Watu wakaguna.

"Grenda ya umeme iko wapi?" mtu akauliza.

"Mwizi ataichomeka wapi, kwenye pua yake?" Mjomba akajibu. Alikuwa mtu wa haki katika mashindano. Akaukumbatia mguu wa tangi kwanza, akanyanyua. Maji yakacheza juu, mguu ukabaki palepale. "Naam," akasema. "Umejifunza. Dada, loweka!"

Mama akalizamisha blanketi kwenye beseni.

Mjomba akaanza na mnyororo. Mkasi ukauma pete moja, mishipa ya shingo ikamtoka, mara kah! pete ikakatika. Kelele zikapanda. Mnyororo ukaanguka, na kufuli lile kubwa, kubwa kama ngumi, likaanguka nalo likiwa bado limefungwa kwa fahari. Mama hakuinua kichwa. Alikuwa anasugua upande wa kwanza.

"Moja!" Mjomba akapaza sauti. "Limebaki hilo kwato!"

Macho alikaa juu ya ndoo yake. Alitazama mikono ya Mjomba.

Mkasi ukaletwa kwenye kufuli dogo. Mdomo ukafunguka mpaka mwisho wake. Chuma hakikuingia. Mjomba akaugeuza mkasi huku na huku, kama mtoto anayetaka kung'ata embe zima.

"Mpe kijiko," akasema fundi cherehani.

Akautupa mkasi, akachukua msumeno. Akasugua, jasho likamtiririka, watu wakanyamaza wasikie. Alipoinua, chuma kilikuwa kimeng'aa kidogo tu, kama kimepigwa mswaki. Meno ya msumeno ndiyo yaliyokuwa yamelala. Mama alikuwa anageuza blanketi upande wa pili.

"Dada, mbona unafua haraka hivyo?"

"Nafua kama la mteja, Kaka. Silifui kwa ajili ya mtu."

Na ilikuwa kweli. Alifua kila kona, hakuruka doa. Macho alitamani angeruka hata moja, akajua hataruka.

Nyundo. Pigo la kwanza, baiskeli ikaruka pembeni. Pigo la pili, ikarudi. Kufuli halikuwa na mahali pa kulala. Kila lilipopigwa lilikwenda na baiskeli, likarudi na baiskeli, kama mlevi anayekubali kila unachomwambia. Mjomba akajaribu kuweka mtaimbo chini yake uwe kitanda, lakini juu pale mtaimbo nao ulielea. Pigo lililofuata likampata kidole. Akaruka kwa mguu mmoja kuuzunguka uwanja.

"Pole, Mjomba!" wakamwambia wote, wakicheka.

"Msinipe pole, nipeni jeki!"

Mama alikuwa anasuuza. Maji ya kwanza yakamwagwa, maji ya pili yakatiwa.

Jeki ndiyo Macho aliyoiogopa. Mjomba akapiga magoti, akatafuta mahali pa kuiingiza. Upande wa fremu, hapana. Upande wa tairi, hapana. Akaanza kutoa upepo wa tairi, na hilo Macho hakuwa amelifikiria. Tairi likalegea. Pakapatikana ufa. Mjomba akaupima ule ufa kwa kidole kisichoumia, akacheka peke yake.

"Aha! Aha, mpwa wangu!"

Na Mama akaita: "Macho, njoo tukamue."

Blanketi la watu wawili halikamuliwi na mtu mmoja. Macho akainuka. Akashika pembe zake, mama akashika zake, na kwa kuwa beseni lilikuwa upande ule, ilimbidi ampe Mjomba mgongo. Wakaanza kuzungusha, mmoja kulia, mmoja kushoto. Maji yakamwagika kwa wingi. Nyuma yake alisikia jeki ikigonga chuma.

"Inaingia!" mtu akasema.

"Haingii!"

"Ncha yake imeingia, angalia!"

"Taratibu, mwanangu," Mama akamwambia kwa sauti ndogo. "Kamua sawasawa. Tukilidanganya blanketi, hata tukishinda tutakuwa tumeshindwa."

Macho akakamua sawasawa. Blanketi likawa kamba nene, likajikunja katikati, maji yakawa uzi, uzi ukawa matone. Nyuma yake Mjomba alikuwa anahema kama mvukuto wa mhunzi. Jeki iligonga, ikateleza, ikaanguka chini, ikaokotwa, ikagonga tena. Tone. Tone. Mama akabana meno, Macho akazungusha mara ya mwisho mpaka mabega yakamlia, na tone moja likaning'inia kwenye mkunjo, likafikiri, likaanguka.

Hakuna lililofuata.

"Limekamuka," Mama akasema.

Macho akageuka. Mjomba alikuwa amekaa chini kabisa, miguu ameinyoosha kama mtoto wa chekechea, jeki mapajani, ovaroli imelowa jasho. Tairi la nyuma lilikuwa limelala. Kufuli lilikuwa palepale, lina mikwaruzo kama uso wa paka mgomvi, na limefungwa.

Fundi cherehani akapiga kigelegele kilichowatoa njiwa kwenye paa, na uwanja wote ukainuka. Mtu alipiga sufuria. Mlinzi wa maghorofa alimkumbatia mtu asiyemjua. Watu walimnyanyua Macho na kumweka juu ya ndoo yake, akiwa bado ameshika pembe ya blanketi, na yeye, ambaye kwa kawaida hucheka kwa macho tu, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Nipe ufunguo," Mjomba akasema kutoka chini.

Kelele zikapungua. Macho akashuka, akampa. Mjomba akaingiza ufunguo kwenye lile tundu la chini, akazungusha, na kufuli likafunguka kwa sauti ndogo laini, kama mtu anayesema "karibu". Akaligeuzageuza mikononi. Akapitisha kidole ndani yake, akapima, akaitazama jeki yake, akalitazama tena kufuli.

"Ulikuja kunywa maji," akasema polepole.

"Nilileta ovaroli, Mjomba."

"Ulikuja kunywa maji yangu, gerejini kwangu, ukaondoka na vipimo vya mkasi wangu!" Akaanza kucheka, kicheko kikaanzia tumboni, kikamtikisa mpaka jeki ikamtoka mapajani. Akainuka, akajipangusa vumbi, akamgeukia dada yake mbele ya watu wote. "Baiskeli ni yenu. Si ya kuazima. Yenu. Mtu akiniuliza nitasema niliwapa, nikalipwa jasho."

"Ahsante, Kaka," Mama akasema, akafuta macho kwa kiwiko kwa kuwa mikono ilikuwa imelowa.

"Na hilo tairi?" akauliza fundi cherehani. "Mwizi katoa upepo, nani atajaza?"

"Mwizi atajaza mwenyewe," Mjomba akajibu, akachukua pampu. Akawa anajaza huku watu wakimhesabia kwa kupiga makofi. Alipomaliza akainama sikioni kwa Macho, sauti yake ya injini ikijaribu kunong'ona. "Hilo duka liko wapi? Nina pikipiki za wateja zinalala nje."

"Twende nikupeleke kesho. Lakini lazima tupime kwanza."

"Tutapima," Mjomba akasema kwa unyenyekevu.

Kulikuwa na sanduku la nguo la kupeleka maghorofani, Jumapili au si Jumapili. Macho akalifunga kwenye kibebeo, akaliweka kufuli kwenye kikapu cha mbele, akapanda. Watu wakampisha njia. Alipokuwa anakata kona ya barabara alimsikia Mjomba getini, akimsimulia mpita njia ambaye hakuuliza kitu:

"Mimi! Mimi mwenyewe, na jeki, na mkasi, blanketi zima la watu wawili! Nimeshindwa! Unajua maana yake hiyo? Yule ni mpwa wangu yule, unamwona? Yule pale, anayeondoka!"